Mpiga Piano Asiyeinua Mikono

Jumamosi hiyo, kwenye onyesho la saa tisa alasiri, mpiga piano hakuinua mikono.

Watazamaji hawakugundua. Walikuwa wanapenga kamasi. Ile sinema ya mapenzi ya zamani, nyeusi na nyeupe, iliweza kuliza hata mawe: mpiga piano mashuhuri, suti nyeusi, nywele zimelazwa kwa mafuta, anampigia mpenzi wake anayekata roho wimbo wa mwisho. Wimbo ukiisha anainua mikono taratibu, anaiacha hewani kama mtu aliyetua mzigo, ndipo bibie anafumba macho. Na huyo hakuwa mwigizaji wa kuokoteza. Alikuwa bingwa kweli, aliyepigia wafalme mpaka wakasahau kusinzia, na alikufa kabla gundi ya mabango ya sinema hiyo haijakauka.

Aliyegundua ni mkata tiketi, mke wa fundi wa mashine ya sinema. Kila Jumamosi alifunga dirisha lake mapema kidogo, akasimama nyuma ya ukumbi kungoja mikono ile tu. Siku hiyo alipanda ngazi mbio mpaka chumba cha mashine.

"Mkasi, mbona leo hakuinua mikono?"

Mumewe aliitwa Mkasi kwa sababu mkanda wa filamu ukikatika, alikata pale palipochanika na kuunga kwa gundi kabla watu hawajamaliza kupiga miluzi. Alijigamba kwamba kiungo chake hata nzi akitembea juu yake hajikwai. Asubuhi ile meno ya mashine yalitafuna mkanda. Akakata kipande cha urefu wa mtu, palepale penye mikono inayoinuka, akaunga, na kipande chenyewe akakichoma kwenye kopo uani, kama mafundi wote wafanyavyo, maana mkanda wa zamani hushika moto kama petroli. Kukiri mbele ya mke? Thubutu!

"Ameinua," alisema. "Wewe ulikuwa unafuta machozi."

"Mimi? Labda siku ukifa wewe, na hapo pia nitachungulia kwanza kama umekufa kweli."

Wakacheka. Mkasi akazima mashine. Watu wakatoka, spika zikanyamaza, na piano ikaendelea kulia chini kwenye ukumbi mtupu, pole pole, pamoja na harufu ya nta na maua yaliyooza.

"Unasikia?" mke alinong'ona.

"Sisikii kitu," alidanganya mara ya pili.

Kesho yake, wakinywa chai, vidole vya mkewe vilianza kugonga meza. Mkasi alidhani ni mchezo, mpaka alipomtazama usoni.

"Sio mimi," alisema mke, midomo imekauka. "Mume wangu, nizuie. Sio mimi."

Alimshika viganja kwa nguvu zake zote, na vidole vikapiga ndani ya mikono yake kama ndege aliyenaswa. Kufikia Jumanne meza ilikuwa imeanza kutoa sauti ya piano, na ukuta pia, na sahani, na popote vidole vile vilipotua. Hospitali walivifunga bendeji vikacheza ndani ya bendeji, wakamchoma sindano ya usingizi akalala yeye peke yake huku vidole vikiendelea, kucha zikipasuka moja baada ya nyingine na damu ikichora shuka, na wimbo ukifika mahali pa mwisho ukasita, ukatafuta, ukakosa, ukarudi mwanzo. Alhamisi daktari alimvuta Mkasi kando akamwambia kwa sauti ya chini kwamba moyo wa mkewe umechoka, na ukiendelea hivi haufiki Jumamosi.

Mkasi alimbeba mgongoni mchana kweupe mpaka ukumbini, kulikoanzia balaa, akamwita mganga. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye haraka zake, aliyeanza kwa kumgombeza.

"Umekaa na jini siku tano ndio unaniita? Ungekuwa bomba la maji ungengoja nyumba ielee?"

Alifukiza ubani chini ya skrini, akainama sikioni mwa mgonjwa. "Wewe uliyemkalia, unataka nini?"

Mdomo wa mke ulifunguka. Iliyotoka ilikuwa sauti ya mwanamume mchovu.

"Nilikuwa naishi ndani ya mikono yake alipokuwa hai. Akafa, nikabaki kwenye picha. Kila alipoiinua, nilipumzika. Sasa haiinuki. Nani amekata?"

Mganga alimgeukia Mkasi. Mkasi akapiga magoti.

"Mimi. Nilikata mimi. Na nilimdanganya."

"Kirudishe hicho kipande."

"Nilikichoma." Akanyoosha mikono mbele. "Mwambie achukue yangu. Mikono yangu, yote miwili. Achukue leo, akapumzike nayo, lakini mke wangu amwache. Nimemkosea mimi, yeye alikuja kuuliza tu."

"Fundi bila mikono ni nini, wewe?" mganga alinong'ona.

"Mume wa mtu."

Halafu vidole vya mke vikasimama, na mikono yake ikainuka hewani taratibu, ikakaa hapo, ikaanguka mapajani mwake. Wakati huohuo mikono ya Mkasi ikamfia mabegani, ikaning'inia kama soksi kwenye kamba, baridi, haina habari na mwenyewe. Hakujali. Alilia kwa furaha mpaka mganga akafungasha vitu vyake na kuondoka bila kuaga.

Jioni walipanda chumba cha mashine kuuondoa ule mkanda wa balaa. Mkewe aliinyanyua mikono ya mumewe iliyokufa, mmoja mmoja, akajizungushia mgongoni.

"Nikumbatie hata hivyo," alisema.

Wakasimama hivyo. Baada ya kitambo Mkasi alimsikia amekakamaa, pumzi imekwama.

"Nini?"

"Hakuna."

"Amekwenda, sivyo? Mimi huku sihisi kitu kabisa."

"Amekwenda, mume wangu. Tulia hivyohivyo."

Sauti yake ilikuwa tamu, ila kidevu kilitetemeka begani mwa mumewe. Mkasi aliinua macho kwenye kioo cha dirisha linalotazama ukumbi. Mlemle kiooni aliuona mgongo wa mkewe, na juu yake vidole vyake mwenyewe, kumi, vikitembea taratibu kwenye uti wa mgongo, vikitafuta wimbo unapoanzia.