Roma ya Julai, Lisbon ya Oktoba

Nyamburi hakwenda soko la samaki la Mwigobero kumtafuta mumewe. Alikwenda kununua sato. Siku hiyo alifunga duka lake la dawa kule Bunda mapema, akavaa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa lililomkaa kiunoni kiasi cha kuwafanya wapakuaji wa dagaa wasahau wanachopakua, akapanda gari kuja Musoma. Kwa kawaida huja Jumamosi, akalala kwake na mumewe, kisha Jumatatu akarudi kazini. Leo ilikuwa Jumatano. Alitaka Renatus arudi jioni akute samaki wa nazi mezani na mke jikoni. Mapenzi hayo yatazame vizuri, maana itapita muda kabla hujayaona tena.

Dorkas, muuza samaki wake wa siku zote, alimpokea kwa kigelegele.

"Mama Isaya, hongera! Kumbe mnaenda Roma na wala husemagi!"

"Roma ipi?"

"Si ile ya Baba Mtakatifu! Mume wako ametutangazia wote hapa. Mwezi wa saba, miaka kumi ya ndoa. Mimi nimeagiza rozari mbili."

Nyamburi akamrudisha juu ya meza sato aliyekuwa ameshamchagua. Alipogeuka akamwona mwenyewe: Renatus, muuza vipuri vya injini za mitumbwi, shati jeupe lililonyooshwa, viatu vinang'aa katikati ya magamba ya samaki, kazungukwa na wavuvi, anawaeleza jinsi hoteli ilivyo hatua chache kutoka kanisa la Mtakatifu Petro. Mkono wake ulikuwa unaonyesha Roma upande wa vyoo vya soko.

"Baba Isaya."

"Mpenzi! Umekuja? Ah, nilitaka iwe sapraizi."

"Sapraizi kwa nani? Dorkas anajua. Wavuvi wanajua. Mbuzi yule pale nadhani naye ameshaagiza rozari. Mimi ndiye sijui."

"Mama, punguza sauti basi."

"Wewe ulipokuwa unatangaza ulipunguza?"

Wavuvi wakaanza kukagua nyavu ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Lakini hakuna aliyeondoka.

"Nakupeleka Ulaya, siku nne, mji mtakatifu, sikukuu ya ndoa yetu," Renatus alisema, uso umeanza kumpanda joto. "Kuna wanawake hapa hawajapelekwa hata Mwanza."

"Sikukuu ya ndoa yetu ni Oktoba."

"Ni Julai! Siku ng'ombe zilipoingia kwenu Butiama."

"Basi wapeleke ng'ombe Roma," Nyamburi akasema, akaondoka bila samaki.

Huku kwetu ndoa nyingi zina siku mbili. Ipo siku ng'ombe wa mahari wanapovuka kwenda kwa wakwe, na ipo siku padri anapofunga ndoa kanisani. Watu wenye akili zao husherehekea mojawapo na kuipitia nyingine kimyakimya. Renatus, mtoto wa Mugango, familia ya uvuvi isiyokuwa na zizi, alikuwa amehangaika sana kuwapata wale ng'ombe, na siku walipopokelewa alijiona mwanamume kamili. Kwake hiyo ndiyo ndoa. Kwa miaka kumi Nyamburi alikuwa akiipitisha Julai kwa kuumwa kichwa, na mumewe, kwa akili zake zote za biashara, hakuwahi kujiuliza kichwa hicho kwa nini kinauma mwezi mmoja tu.

Nyamburi alirudi Bunda, simu zikaanza jioni ileile, na zilikuwa simu za shari.

"Kwani wewe unataka nini, Nyamburi?"

"Lisbon. Oktoba."

"Lisbon! Nani kakufundisha Lisbon?"

"Nimejifundisha mwenyewe. Nina simu, nina macho. Ni mji wa vilima kule Ureno, ukikata kona unaona maji. Kuna tramu ya manjano, inapanda mlima kwa reli. Hakuna anayenijua huko, na hakuna aliyeniagiza kitu."

"Kuna mwanamume."

"Yuko. Anaitwa Renatus, na ananichosha."

Akamkatia. Renatus akapiga tena.

"Mama yako mwenyewe amefurahi Roma. Ameshachukua majina ya jumuiya nzima."

"Umemwambia mama kabla yangu?"

"Nilitaka..."

"Unajua nitakuwa nafanya nini Roma, Renatus? Nitakuwa natembea na mfuko wa rozari za Butiama, natafuta maji ya baraka ya shangazi yako, napiga picha za kumtumia paroko. Hiyo siyo fungate. Hiyo ni kutumwa dukani."

"Unamdharau Mungu sasa."

"Nakudharau wewe. Mungu ananielewa."

Jumamosi Nyamburi hakuja. Jumamosi iliyofuata pia hakuja. Renatus alikula mikate na chai, akavaa mashati yenye mikunjo, akamchukia kila mteja aliyemuuliza safari lini. Alimkumbuka mkewe kwa uchungu, harufu ya mafuta yake ya nywele kwenye mto, na jinsi anavyomcheka akikosea njia. Mwanamume mwingine angepanda gari akaenda Bunda akamuuliza, una nini. Renatus akafanya wanachofanya wanaume wa kwetu wakishindwa na mke: akaenda Butiama kumshitaki kwa baba yake.

Mzee Stanislausi alimsikiliza hadi mwisho, akampigia binti yake simu, akamwambia njoo. Baba akiita haulizwi sababu, kwa hiyo Jumapili baada ya misa Nyamburi alifika, gauni jeusi, kilemba kimefungwa kwa nguvu, uso hausomeki. Sebuleni walikuwa wamemsubiri: baba yake kwenye kiti chake, mama yake Euphrasia kwenye mkeka, baba mdogo Burito karibu na dirisha, na Renatus kwenye kochi, magoti pamoja kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Tumezungumza," Mzee Stanislausi alisema. "Mume wako hana kosa. Mtaenda Roma, mwezi wa saba."

"Sawa kabisa," Burito akadakia. "Nyamburi amekubali. Huyu hajawahi kuwa mbishi."

Nyamburi alikuwa hata hajakaa. Alimtazama baba yake mdogo, akacheka, na kicheko hicho kilimtisha Renatus kuliko matusi yote ya kwenye simu.

"Baba mdogo, hubadilikagi. Siku ile ya ng'ombe mliniita kutoka jikoni, mikono ina unga. Baba akaniuliza, unawajua hawa wageni, tuwapokee? Kabla sijafungua mdomo ukasema, anawajua, pokeeni. Watu wakapiga makofi. Nikarudishwa jikoni."

"Kwani ulikuwa huwajui?" Burito aliuliza, ameshangaa kweli.

"Nilikuwa nawajua! Nilikuwa nampenda huyu kijana mpaka nalia. Nilikuwa nimejiandaa kujibu wiki nzima, najisemesha kisimani. Swali lilikuwa moja maishani mwangu, ukanijibia." Akamgeukia mumewe. "Na wewe ulikuwepo. Ulicheka pamoja nao. Padri ndiye aliyeniuliza, Oktoba, akasubiri nijibu. Hiyo ndiyo ndoa yangu. Julai mlioana ninyi wanaume."

Mama Euphrasia aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemwambia Nyamburi ashike adabu, labda kwa sababu kila mtu alikuwa anajaribu kukumbuka siku ile, na kila mtu alikumbuka makofi.

Renatus akasimama. Alidhani ameelewa.

"Baba," alimwambia mkwewe, "naomba aulizwe upya. Hapahapa, mbele yenu."

Mzee Stanislausi akakohoa. "Nyamburi. Unamjua huyu mgeni? Tumpokee?"

"Hapana," Nyamburi akasema, akatoka nje.

Renatus alimkuta barabarani, anatembea upande wa kituo, viatu vinapiga changarawe kwa hasira. Alimfuata akihema.

"Ndiyo umeniacha? Sema tu umeniacha!"

"Unaona? Unanijibia tena. Nimekataa kuulizwa na baba. Umri huu, miaka kumi, mtoto yuko bweni, bado unamtuma baba aniulize? Huna mdomo?"

"Ninao."

"Unautumia Mwigobero tu."

Ng'ombe wa mtu walipita kati yao na mchungaji wao, wakawalazimisha kusimama kando, kila mmoja upande wake wa barabara. Walipomaliza kupita Renatus alivuka.

"Sikujua," alisema. "Naapa sikujua. Niliona unga kwenye mikono yako nikafikiri, huyu ndiye atakayenipikia, nikacheka kwa furaha. Mjinga mimi. Nisamehe."

"Endelea."

"Unataka kwenda wapi?"

"Lisbon."

"Lini?"

"Oktoba."

"Roma naifuta kesho. Wa rozari nitawaambia mwenyewe, wanitukane." Swali lililobaki lilikuwa dogo, na alikuwa anaogopa jibu lake kuliko alivyowahi kuogopa kitu. "Na mimi, unataka niwepo?"

Nyamburi akanyamaza. Alinyamaza mpaka Renatus akasikia maneno yanamjaa mdomoni, najua unataka, lazima unataka, twende zetu, na akayazuia kwa meno. Macho yalimjaa machozi hapo barabarani, watu wanatoka misa ya pili wanamsalimia, yeye haitiki. Alisubiri.

"Ndiyo," Nyamburi akasema. "Ila ukinijibia tena mbele za watu, nakuacha hukohuko Ulaya, utarudi na wazungu wenzako."