Mlango wa Chumba cha Athanas

Mwaka 1985, Zuleha alikuwa na nyumba ya vyumba vitano pale Isaka, karibu na stesheni. Chumba kimoja alikaa mwenyewe. Vinne alipangisha. Kila asubuhi alifagia uwanja, kisha akachemsha chai ya kuwauzia wapakuzi wa mizigo.

Chumba cha mwisho alipanga Athanas, mpakuzi wa mabehewa. Mkewe, Generosa, alikuwa na mtoto wa wiki mbili.

Siku moja ilikuja barua. Tabu, binti yake Zuleha, alikuwa anarudi kutoka Kharumwa na watoto watatu. Zuleha akamwendea Athanas.

"Nakihitaji chumba changu. Nakupa siku tatu."

"Mama, mke wangu ndiyo kwanza amejifungua. Nitampeleka wapi?"

"Hilo sijui. Nyumba ni yangu."

Siku ya nne, Athanas alipokwenda kazini, Zuleha alimwita fundi. Fundi akaung'oa mlango wa chumba, akauegemeza ukutani. Generosa alining'iniza khanga mahali pa mlango, akakaa ndani na mtoto wake.

Mzee Akida, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyaona hayo. Zamani alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Alivuka polepole.

"Mama Tabu, nani amekupa amri ya kung'oa mlango ule?"

"Amri ya nini, mzee? Nyumba kaniachia marehemu mume wangu."

"Nyumba ni yako, hakuna anayebisha. Lakini sheria ya kupangisha imebadilika. Ukitaka mpangaji ahame, humtoi kwa nguvu. Hung'oi mlango, huezui bati, humfungii maji. Anayetoa amri ya kumhamisha ni Baraza la Nyumba, huko mkoani."

"Kwa hiyo mwanangu alale nje?"

"Hapana. Kukitaka chumba akae mwanao ni sababu ya kusikilizwa. Kaieleze Barazani. Na mpangaji akikuharibia nyumba, utampeleka huko huko. Sheria inakulinda na wewe. Lakini ukiendelea hivi, atakayeshtakiwa ni wewe."

Zuleha akamsikia mtoto anakohoa nyuma ya khanga. Akamrudisha fundi. Athanas alipotoka kazini, mlango ulikuwa mahali pake.

Mzee Akida alimwandikia Zuleha maombi ya kupeleka Barazani, naye Zuleha akapanda treni kwenda Shinyanga. Baraza liliwaita yeye na Athanas, likawasikiliza. Athanas akapewa miezi mitatu ya kutafuta chumba kingine. Zuleha akashauriwa kuandikiana mkataba na kila mpangaji.

Zuleha aliporudi nyumbani, alimkuta Tabu ameshafika. Watoto walikuwa wamelala kwenye mkeka.

"Ilikuwaje, mwanangu?"

"Mwenye nyumba alituezulia bati, mama. Mvua ilikuwa inanyesha. Watoto walilowa, vyombo vikalowa."

Zuleha hakuweza kumtazama binti yake usoni. Alitoka, akavuka barabara hadi kwa Mzee Akida.

"Ahsante, mzee. Bila wewe, ningekuwa kama yule aliyemwezulia binti yangu bati."

"Mlango uliurudisha mwenyewe, Mama Tabu. Mimi nilikueleza sheria tu."

Tabu na watoto walijibana chumbani kwa Zuleha. Zuleha akaandikiana mikataba na wapangaji wote. Kila aliyelipa kodi alipewa stakabadhi, na ugomvi wa uwanjani ukapungua.

Miezi miwili baadaye, Athanas alipata chumba mtaa wa pili. Siku ya kuhama, yeye alisukuma mkokoteni, na Zuleha akambeba mtoto. Walipofika, Generosa aliweka mzigo chini.

"Ahsante, Mama Tabu, kwa kutuvumilia."

"Mimi ndiye wa kushukuru," Zuleha alisema. "Niliwakosea, nanyi mkaendelea kuniamkia kila asubuhi."

Generosa alinyoosha mikono ampokee mtoto.

"Ngoja kwanza," Zuleha alimwambia. "Wewe panga vyombo vyako. Huyu nitakaa naye."