Kasha Lisilo na Akili

Kasha-akili lilikuwa dogo kama kiganja. Lilipokea mlio dhaifu wa gitaa, likaupa nguvu, kisha likaupeleka kwenye mtambo wa sauti bila mvumo wa umeme. Tena lilisoma misuli ya kidole kabla hakijagusa uzi, hivyo hata noti ya kuchelewa ilitoka kwa wakati wake. Mwaka 2094, hakuna bendi ya Morogoro iliyopanda jukwaani bila kasha hilo.

Mchana ule, kwenye onyesho la arobaini ya baba yake, Mzee Kobelo, Mwajabu aliweka makasha mawili kando ya gitaa lake la besi.

"Na hili kopo?" aliuliza Mihayo, fundi mitambo. "Waluguru bwana! Mmeshuka na ndizi, sasa mnashuka na makopo?"

"Nyamaza, Mnyamwezi. Wewe kazi yako kubeba mizigo tu."

Mihayo akacheka. Arobaini bila utani haijakamilika.

Kasha la pili lilikuwa la chuma, halina betri wala akili. Ndani mlikuwa na transfoma tu: nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma, ili mlio usafiri waya mrefu bila kufifia. Mwajabu alizizungusha kwa mkono wake, siku zote za msiba.

"Ukikosea humu, ukumbi mzima utasikia," alisema Mihayo, sasa bila mzaha.

"Wasikie. Mihayo, nimesikiliza nyimbo zote za baba. Mia mbili na kumi na mbili. Simkuti humo."

"Si ni yeye anayepiga?"

"Baba alikuwa akichelewesha noti ya nne, makusudi, ili mchezaji anyanyue kisigino kwanza. Kasha liliona ni kosa. Limemnyoosha miaka ishirini."

Mihayo alitazama chini. "Mimi ndiye niliyekuwa namchomekea."

"Najua, kaka. Hata yeye alilisifu."

"Sasa amebaki wapi?"

Mwajabu alinyoosha mkono wa kulia. "Alinifundisha jikoni, bila umeme."

Mihayo alichukua kasha la chuma, akalichomeka mwenyewe. Spika zikanguruma. Akabonyeza swichi ya kukata ngurumo, kukawa kimya.

Wimbo ulipoanza, kidole cha Mwajabu kiliteleza. Uzi ukakwaruza, watu wawili wakacheka. Hakuinamisha kichwa. Aliendelea, na ilipofika noti ya nne, akaichelewesha.

Mpiga dramu akayumba. Kwa miaka yote makasha-akili yalikuwa yakiwaweka wapigaji sawa. Hakuwahi kuhitaji kumsikiliza mwenzake. Akapoteza pigo moja, akainua macho, akavitafuta vidole vya Mwajabu. Mzunguko uliofuata, fimbo zake zikasimama hewani, zikamngoja.

Mwajabu akachelewesha tena, safari hii zaidi kidogo, kidevu juu.