Vipingamizi Vinne

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa dada na mkoba wangu wa ufundi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: pedi ya gemu ya marehemu shemeji.

"Anatembea mwenyewe," dada alininong'oneza mlangoni.

Kwenye televisheni, mtu wa koti jekundu wa ndani ya gemu alikuwa anaelekea kushoto. Alifika ukutani... akaendelea kukanyaga palepale, paji la uso likigusa matofali. Pedi ilikuwa mezani. Hakuna aliyeigusa.

Sikushtuka. Baada ya kupooza, shemeji alicheza ili kukizoeza kidole gumba cha kushoto, na kidole kile kililalia upande mmoja tu.

"Kijiti cha kuongozea kimelika, dada. Nakuwekea kipya."

"Mimi sichezi, mdogo wangu. Nataka asimame tu. Kila jioni nikimwona anavyohangaika, usingizi hauji."

Macho yake yalikuwa yamevimba. Nguo zilimpwaya.

Nikang'oa kijiti. Mahali pake nikaanza kuchomelea rezista nne zinazolingana, mbili za kushoto na kulia, mbili za mbele na nyuma. Umeme ukigawanyika sawasawa, mashine huamini kijiti kimetulia katikati. Hakibaki cha kusogea.

"Vidude gani hivyo?"

"Rezista. Vitabuni vinaitwa vipingamizi."

Dada aligeukia televisheni.

"Umemwekea kipingamizi? Mwenye nyumba?"

"Dada, ni jina tu."

"Sasa atapitia wapi?"

Nikacheka. Mkono ukateleza, chuma cha moto kikanigusa kidole gumba.

Cha kushoto.

Nikasikia harufu ya ngozi kuungua. Halafu harufu nyingine... ya ile dawa ya kuchua ambayo dada alikuwa akimpaka mumewe jioni.

Nikamalizia, nikawasha. Mtu wa koti jekundu alisimama. Kimya. Kama anayesikiliza.

"Haya, leo ametulia," dada alisema, akifuta machozi huku anacheka. "Miaka yote nilimwambia tulia, hakunisikia hata siku moja."

Asubuhi alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya zamani.

"Nimelala usingizi wa pono, mdogo wangu! Hajahangaika tena. Mungu akubariki."

Nilikuwa natazama mkono wangu juu ya meza. Kidole gumba kilichoungua kilikuwa kinasukuma kuelekea kushoto. Polepole. Kikifika kikomo chake, kinaendelea kusukuma palepale.

Ni kidonda, nilijiambia. Mishipa imeshtuka. Nilikuwa nimekifunga bandeji tangu usiku. Chini ya bandeji palinuka dawa ya kuchua. Sijawahi kununua dawa hiyo.

Kushoto kwangu ni mlango. Nje ya mlango ni njia ya kwenda kwa dada.

"Mbona kimya? Uko salama wewe?"

Nikauvuta mkono, nikaukalia.

"Salama, dada," nikasema. "Wewe lala tu."