Aliyemlisha Isaiah

Maurine aliingia na bakuli la uji wa wimbi, akamkuta mumewe akijifuta midomo.

"Nimeshiba," Isaiah alisema.

"Umeshibishwa na nani, Baba? Si tuko wawili tu?"

Isaiah alifumba macho.

Saratani ilikuwa imeingia mifupani. Madaktari wa hospitali ya Upper Hill walitaka abaki wodini, naye akakataa katakata: atafia nyumbani, mtaani Jamhuri, katika chumba alimofia mke wake wa kwanza, Philister. Maurine, aliyeolewa baadaye, alijiambia kwamba mumewe amerudi nyumbani kwa ajili yake yeye.

Muuguzi, Sista Naliaka, alipokuja kumpa Isaiah mofini ya kutuliza maumivu, alimgeuza, akashangaa. "Mama, unamtunza vizuri. Mgongo hauna hata kidonda."

Maurine aliutazama mgongo huo. Hakuwa amemgeuza hata mara moja; kila alipomgusa, Isaiah alipiga kelele.

Mchana huo, akikunja shuka sebuleni, alisikia kitambaa kikikamuliwa maji chumbani, akanusa mafuta ya nazi ambayo hayakuwamo nyumbani mwake, kisha akasikia sauti ya mwanamke ikiimba polepole kwa Kijaluo, na Isaiah, ambaye kwa Maurine hakuwa na pumzi ya maneno mawili, akiitikia. Alisukuma mlango. Hapakuwa na mtu. Godoro lilikuwa limebonyea kando ya mgonjwa.

"Ni Philister?" alinong'ona.

"Usimkasirishe. Mikono yake haiumizi."

Wivu ulimkaba Maurine kuliko hofu. Akamwita Mchungaji Obuya, naye akaomba na kukemea hadi shati likalowa, vioo vya madirisha vikatetemeka, na kitu cha baridi kikatoka chumbani, kikampiga Maurine kikumbo mlangoni, kikaenda na harufu yake.

Ndipo Isaiah akaanza kulia. Mofini haikumsaidia. Maurine alimwosha, akamgeuza, akajaribu hata kumwimbia, naye akajikunja kila alipoguswa.

"Umemfukuza," Isaiah alisema, akimtazama kama mtu asiyemjua.

Jioni Maurine alifungua mlango wa mbele. "Philister," aliita, meno yamekazana, "rudi. Mchukue."

Baridi ilimpita. Mlango wa chumba ukajifunga, ufunguo ukazunguka kwa ndani, kilio kikakatika. Maurine aliketi sakafuni, sikio mlangoni, akamsikia mumewe akicheka, kicheko kirefu cha kijana, ambacho katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumchekea yeye.

Kisha kimya. Ufunguo ukazunguka tena, mlango ukafunguka kidogo.

Maurine hakuinuka kuingia.