Mkate wa Siku Arobaini

Kwenye rekodi, kila ngoma iliponyamaza, kulikuwa na mtu anayemeza. Mara moja tu, mbali kidogo na maikrofoni, kama mlevi mwenye adabu.

"Ni wewe?" Yelisey aliuliza, hedifoni masikioni.

"Nimeze nini, hewa?" Taisiya alijibu. Ndiye aliyekuwa mwimbaji wake, na tangu asubuhi koo lilikuwa linamkwaruza.

Yelisey alikuwa fundi wa huzuni. Kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye shahada ya falsafa isiyomfaa yeye wala falsafa, alikuwa akipika muziki wa kompyuta humo Izhevsk, mji wa viwanda wa Urusi: besi nzito, ngoma za mashine, na mtu analalamikia theluji, maghorofa ya kijivu na kesho isiyokuwepo. Kesho yake mwenyewe aliletewa na mama yake kila Jumamosi, ndani ya sufuria, supu ya kabichi ingali moto. Vijana wa makoti meusi walimwabudu. Nao hao! Wanalilia kiwanda ambacho hawajawahi kukikanyaga hata kwa bahati mbaya.

Aliyekikanyaga ni bibi Klavdia, kwa miaka thelathini na minane ya kazi. Alifia katika nyumba hiyo hiyo waliyokuwa wakirekodia Yelisey na Taisiya. Dada yake, Antonina, alipowapangisha aliwapa sharti moja: glasi ya vodka iliyo jikoni, iliyofunikwa kwa kipande cha mkate mweusi, isiguswe mpaka siku ya arobaini. Ni ya marehemu.

Siku ya kumi na tisa vodka iliwaishia. Yelisey akainywa ile, akashushia na mkate, akajipiga picha. "Afya yako, bibi!"

Sasa alirudisha rekodi nyuma, akaongeza sauti. Baada ya kumeza, kitu kilipumua, na ingawa dirisha lilikuwa wazi na baridi inakata, harufu ya grisi na mkate uliochacha ilijaa chumbani, ikawapanda puani, na spika ambazo hakuna aliyeziwasha zikanong'ona kwa sauti ya kikongwe: "Nina njaa."

Taisiya alimshika mkono. "Yelisey, futa. Nakuomba."

"Nifute? Una wazimu? Watu wanahangaika kutafuta huzuni ya kweli, mimi imenifuata nyumbani, tena bure!"

Wakaendelea kurekodi. Wimbo wa kwanza ulimnyang'anya Taisiya sauti ya juu, wa pili ya chini, na siku ya nne ya kurekodi, mezani, alifungua mdomo kuomba chumvi pasitoke kitu. Akaandika kwenye karatasi: MWITE ANTONINA.

Antonina aliingia, akanusa, akaenda moja kwa moja jikoni. Alirudi na glasi tupu.

"Umekunywa ya maiti?"

"Ilikuwa utani, bibi."

"Utani! Hata panya wa humu hawakuigusa, mjinga wewe!"

Alimimina vodka nyingine, akakata mkate, akainama. "Klavdia, dada yangu, kula chako, cha watu uwaachie." Kisha akamgeukia Yelisey. "Sauti ya huyu binti imo humo kwenye mashine yako. Ukifuta, dada atairudisha. Usipofuta, atazoea kula watu."

Taisiya alimtazama Yelisey. Safari hii hakuhitaji karatasi.

Yelisey alitazama nyimbo zake tisa. "Nitafuta," alisema. "Jioni."

Jioni aliichapisha albamu mtandaoni. Taisiya alirudi kwa wazazi wake Votkinsk, bubu.

Wiki iliyofuata ukumbi ulifurika. Kiitikio kilipofika, Yelisey aliwageuzia mashabiki maikrofoni, kifua mbele kama nabii. Midomo mia tatu ikafunguka, mishipa ikawatoka shingoni, na hakikutoka hata kikohozi. Msichana wa mstari wa mbele alijishika koo, macho yamemtoka. Kwenye spika, kitu kilikuwa kikitafuna polepole, kama mgeni aliyekaribishwa vizuri mezani. Yelisey alilia kwa furaha.

Kesho yake wachambuzi waliandika kwamba hawajawahi kuona kizazi kikinyamaza kwa uzuri namna ile. Miji kumi na miwili ikamwalika.