Paka wa Akiki

Kwenye kabati la kioo walibaki wanyama thelathini na tisa wa mawe. Nafasi ya arobaini ilikuwa tupu.

"Paka," alisema Bibi Obrezkova, mjane wa jenerali, bila kuvua glavu. "Wa akiki ya kijivu. Ufunguo anao Glafira, mtumishi wangu. Mkamate."

Glafira, aliyemtumikia miaka ishirini, alisimama mlangoni, macho mekundu. Ni yeye aliyegundua wizi huo alipokuwa akipangusa vumbi.

Inspekta Veretennikov aliinama kutazama kabatini. Tembo mwenye macho ya almasi alikuwepo. Sungura mwenye kola ya dhahabu pia.

"Paka alikuwa na dhahabu?"

"Hata chembe. Ndiye rahisi kuliko wote."

"Basi hakuibwa ili auzwe. Glafira, nani mwingine aliingia humu wiki hii?"

"Fundi mchongaji tu, bwana. Jumanne. Alikuja kurudishia jicho la kasuku. Nilimfungulia kabati, nikaenda kumletea chai."

Fundi huyo, Yefim Zaplatin, aliishi peke yake ng'ambo ya mto Neva, ghorofa ya tano. Alifungua mlango upesi, kama mtu asiyezoea kugongewa.

"Kaa wewe, bwana mkubwa. Kiti ni kimoja."

"Paka yuko wapi?"

Zaplatin hakubisha. Alitia mkono kifuani, ndani ya shati, akamtoa.

"Nimechonga wanyama miaka ishirini na mbili. Wote wanatoka na jina la tajiri wangu. Huyu ni Murka, paka wetu. Nilimchonga amelala miguuni pa mke wangu. Ustinya alikuwa mgonjwa, hainuki. Akanicheka, 'Umemnenepesha.' Akafa kabla ya Pasaka. Murka wa kweli akatoka nyumbani, hakurudi; huyu wa jiwe tajiri akamuuza kwa Bibi."

"Ungeomba kumnunua."

"Niliomba. Bibi alisema wanyama wake hawauzwi, akaendelea kusoma barua."

"Na Glafira? Leo angelala mahabusu."



"Sikumfikiria. Hilo ndilo linaloniuma."

"Vaa koti. Nje kuna barafu."

Fundi alimweka paka kiganjani mwa inspekta. Veretennikov alitarajia ubaridi wa jiwe, lakini paka alikuwa na joto la mwili.

Walishuka ngazi polepole. Kila ghorofa majirani walichungulia milangoni. Hakuna aliyeuliza fundi anapelekwa wapi.